Begi Nililomuuzia Mwanaidi

Marahaba, wajukuu zangu. Mkija hapa kibarazani na begi jipya mkononi, mkaniuliza, "Babu Fabiano, hili litadumu?" huwa mnanishangaa kwa sababu siliangalii usoni. Naligeuza, naingiza mkono, napapasa ndani. Juzi mmoja wenu alicheka, akasema babu anatafuta hela iliyosahaulika. Sitafuti hela. Natafuta uzi.

Vidole vyangu siku hizi havikunjiki vizuri, hasa baridi ya Julai ikishuka hapa Mbulu. Lakini uzi mbovu bado vinautambua.

Mnanunua mabegi ya laptop kwa macho. Mnaona rangi, mnaona jina limeandikwa kwa herufi za fedha, mnaona mifuko kumi na mbili midogo ambayo hamtatia kitu, basi, mmeshanunua. Nisikilizeni. Anza na mkanda. Usitazame unene wake, tazama unapoishia. Mkanda mzuri haukomei juu ya kitambaa. Unaingia ndani, unashuka na mgongo wa begi, na mwisho wake umeshonwa mraba wenye msalaba katikati. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi, mshukuru mwenye duka, mtakie siku njema, ondoka.

Halafu peleka mkono chini kabisa. Ule mfuko wa ndani wa laptop usiguse kitako cha begi. Uning'inie, ibaki nafasi ya vidole viwili. Nawajua ninyi, mkifika mahali mnalitupa begi sakafuni kama gunia la viazi. Mfuko ukigusa kitako, kila siku mnaitupa mashine yenyewe.

Sponji ibonyezeni. Ikirudi juu, sawa. Ikibaki na alama ya dole, hiyo ni pamba tu imevalishwa nguo. Zipu ivuteni mpaka kwenye kona, maana zipu zote ni nzuri kwenye mstari ulionyooka. Tabia yake iko kwenye kona. Chomoeni kipande cha uzi, mkichome ncha kwa kiberiti: ukiyeyuka ukawa kishanga, ni nailoni, utavumilia mvua. Ukiwa majivu, ni pamba, utaoza. Na mkiweza, tieni mawe ndani, mazito kuliko laptop yenyewe, mlitundike begi msumarini asubuhi hadi jioni. Muuzaji akikataa msilijaribu, ameshawajibu.

Na msinunue kwa kutajiwa inchi. Hapo na mimi nilianguka. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, tukaacha kuwa watu wa Arusha, maofisa wakaanza kwenda na kurudi Babati na kompyuta mpakato, hizi mnazoita laptop. Ofisa mmoja akanijia, akaniambia mashine yake ni inchi kumi na tano. Siku hizo nilikuwa nauza zaidi kuliko kushona, lakini nikamshonea begi la inchi kumi na tano kwa upana, la fahari kabisa. Alipoitia ile mashine, ikawa inacheza mle ndani kama njugu kwenye debe. Kumbe wenyewe wanapima kioo tu, tena kutoka pembe hadi pembe! Ofisa akaniuliza, "Fundi, hii nafasi nyingine niweke godoro?" Tangu siku hiyo mtu akinitajia inchi namwambia niletee mashine yenyewe niipime kwa mkono wangu.

Haya yote sikuyavumbua mimi. Nilifundishwa na mtu. Mtu huyo ndiye sababu ya kuwaketisha hapa leo, yeye na binti yake.

Aliitwa Mzee Jumanne, Mrangi kutoka Kondoa, aliyekuja Mbulu kijana akafungua kibanda cha kushona turubai na ngozi nyuma ya soko. Mimi nilitoka Tumati kwa wazazi wangu, nikiwa kijana mkubwa tayari, nimechoka kufukuzana na ng'ombe kwenye mashamba ya watu. Kiswahili changu kilikuwa cha shuleni, kimejaa makwaruzo ya Kiiraqw. Nilimsalimia, nikamwambia nataka kazi ya mikono. Akaitazama mikono yangu. Akanipa kipande cha turubai, sindano nene na uzi, akasema, "Shona mstari ulionyooka." Nikashona. Akauangalia akasema, "Huu ni mto wa kijijini kwenu, una kona zote." Lakini hakunifukuza.

Kwake uzi haukuingia kwenye sindano kabla ya kupakwa nta ya nyuki, ili maji yasipite kwenye tundu la sindano. Nta tuliinunua kwa wamama waliotoka nayo porini na asali. Alikuwa akinusa nta kabla ya kuinunua kama mtu anayenusa mboga. Na alikuwa na neno moja alilolirudia hata tukiwa tunakula: "Fabiano, begi halibebwi na kitambaa. Linabebwa na mshono."

Nililielewa neno hilo kupitia bwana mifugo. Alikuwa bwana mifugo wa huku vijijini, mtu mnene, mcheshi, aliyetembea kwenye majosho na chupa zake za dawa. Aliagiza begi la turubai. Mzee Jumanne alikuwa amekwenda msibani Kondoa, nikalishona peke yangu, na kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba naweza, mkanda niliushona mstari mmoja, nikaupiga pasi, ukapendeza. Siku ya pili begi lilikatika mbele ya josho. Chupa zikapasuka, kreolini ikamwagikia kwenye suruali, na dume moja la ng'ombe likakasirishwa na ile harufu. Bwana mifugo alikimbia mbele ya kijiji kizima. Akaja kibandani siku mbili baadaye, Mzee Jumanne akiwa amesharudi, na tulijua anakuja kabla hatujamwona.

Mzee Jumanne aliomba radhi kama aliyeshona ni yeye. Hakunitaja. Mteja alipoondoka, alilishona upya lile begi, akalijaza mawe, akanivalisha. Ilikuwa siku ya mnada. "Zunguka," akasema. Nilizunguka mnada mzima na begi la mawe begani, watu wakiniuliza nauza mawe kiasi gani. Jioni bega langu lilikuwa limevimba. Akaniambia, "Sasa unajua mkanda unasikia nini."

Mwanaidi, binti yake wa mwisho, alikuwa bado mtoto mdogo wakati huo. Alikua kwenye kile kibanda, akicheza na vipande vya ngozi chini ya meza, akiniita kaka. Mama yake alifariki mapema. Nilimbeba mgongoni kumpeleka zahanati zaidi ya mara moja. Nawaambia haya ili mjue nilikuwa nani kwake.

Kisha zikaja zile enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkakuta kila kitu kipo madukani, kwa hiyo hamwezi kuelewa. Sisi tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa sabuni. Mara, baada ya miaka michache tu, wafanyabiashara wakaanza kushusha marobota kutoka Arusha: nguo za mitumba, viatu, na mabegi. Mabegi ya kila rangi! Mepesi, yanang'aa, yana zipu kila upande. La turubai la Mzee Jumanne lilikuwa kijani kama la mgambo, zito, na bei yake ingenunua matatu ya yale. Watu hawakufikiri mara mbili. Wanafunzi, makarani, hata walimu, wote wakahamia kule. Kwenye kibanda chetu wakabaki wazee wanaotaka kuzibiwa viraka.

Nilikuwa nimeshaoa, nina watoto watatu. Nilimwambia mzee, "Na sisi tulete. Tuuze ya kwao na ya kwetu."

Akasema, "Nitamwambia nini mteja akirudi limekatika?"

"Hatarudi, mzee. Atanunua lingine."

Aliendelea kuvuta uzi. Wiki ileile nilimuaga, nikamwambia naenda kujitegemea. Alisimama, akanipa mkono, akasema, "Mungu akufanyie wepesi." Hapakuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo, maana ugomvi una siku yake ya kupatana. Sisi tuliachana kwa heshima, na heshima ile ikatufunga midomo miaka yote iliyofuata.

Nilipata kibanda upande wa mbele wa soko, karibu na mabasi. Niliuza. Sitadanganya kwamba nilijuta wakati ule. Nilijenga, nilisomesha. Matatizo madogo yalikuwepo. Kuna mchungaji aliyenunua begi jeusi, mvua ikamkuta njiani, akaingia kanisani na mgongo wa zambarau, akahubiri hivyohivyo bila kujua kwa nini wanakwaya wanajikohoza. Tulicheka. Alicheka na yeye. Kila begi lililokatika nilijiambia ni bahati mbaya.

Lakini jicho nililopewa kule nyuma ya soko halikufa. Kila robota nililofungua, nililiona: huu mkanda umeshonwa kwenye bitana tu, kile kitambaa cha ndani chepesi. Hili halifiki mwaka. Niliona, nikalitundika, nikauza.

Mwanaidi akawa mwalimu. Alipangiwa shule moja upande wa Hirbadaw, kule Hanang, na likizo alirudi Mbulu kwa baba yake. Siku moja, bodaboda zikiwa zimeshaanza kujaa mjini, alikuja kibandani kwangu. Mchana, watu wamejaa, wanawake wawili wanachagua mabegi ya shule ya watoto wao, na kijana mmoja wa chuo analijaribu begi la mgongoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mwalimu! Umetuletea baridi ya Hanang?"

"Nimewaachia yenu." Akacheka. "Kaka, nimenunua laptop. Kwa mkopo wa walimu. Nataka begi la kuibebea, na sitaki kwenda kwa mtu mwingine."

"Baba hawezi kukushonea?"

Uso wake ukabadilika. "Baba mikono inatetemeka, kaka. Kifua nacho hakimwachi. Cherehani ameifunika tangu Pasaka." Kisha akasema, "Amesema niende kwa Fabiano. Amesema Fabiano anajua."

Akachukua begi moja la kijivu, limetulia, halina makuu. Akalitia begani, akajigeuza. Mimi nilikuwa naujua mkanda wa lile begi. Nilikuwa nimeushika asubuhi ileile wakati nalitundika. Mstari mmoja. Bitana tu.

"Kaka, hili litanifikisha?"

Wale wanawake wawili walikuwa wameacha kuongea, wananisikiliza. Yule kijana pia. Ningesema, "Mwanaidi, weka chini, hilo halifai," wangeweka chini wote. Mabegi yote yalikuwa ya robota moja. Ningeweza hata kumkonyeza, au kumwambia, "Pitia jioni, kuna mazuri zaidi," nikalifumua na kulishona upya. Dakika ishirini za kazi. Hizo njia zote nimezifikiria baadaye, moja baada ya nyingine, miaka yote hii. Siku ile nilisema, "Litakufikisha, dada yangu. Hilo ni zuri."

Akaondoka nalo.

Mzee Jumanne aliendelea kudhoofika. Nilikwenda kumwona mara mbili. Tuliongea habari za mvua, za maharage, za ubovu wa barabara ya Dongobesh. Kila mara nilikuwa nakaa nikisubiri aanze yeye kusema juu ya kuachana kwetu, na nadhani na yeye alikuwa anasubiri nianze mimi. Mara ya pili aliniambia, "Rudi tena, Fabiano, usikawie." Nikasema nitarudi Jumapili. Jumapili kulikuwa na mzigo kutoka Arusha. Alifariki siku ya Jumatano.

Tulimzika kwa haki zote, Waislamu na Wakristo wa mji mzima tulikuwepo. Nilibeba jeneza. Nilitia mchanga kaburini. Nilifikiri huo ndio mwisho wa deni langu la huzuni.

Baada ya arobaini, Mwanaidi alipanda basi kwenda Babati kwa kaka yake mkubwa, akiwa na laptop kwenye lile begi la kijivu. Basi likaharibika kabla ya kufika Dongobesh. Alikuwa na haraka, akachukua bodaboda. Begi lilikuwa begani. Kwenye shimo moja pikipiki ikaruka, mkanda ukang'oka wote na kipande cha bitana, begi likaanguka barabarani. Nyuma yao ilikuwa inakuja fuso imebeba vitunguu saumu. Dereva alijitahidi. Gurudumu la nyuma likapita juu ya begi.

Kesho yake alikuja kwangu na mashine imefungwa kwenye khanga. Hakunilaumu. Nataka mlijue hilo. Aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akasema, "Kaka, wewe unajuana na watu Arusha. Nitafutie fundi wa kompyuta. Hata kama ni ya kutupa, kuna kitu ndani nakitaka."

Nilifunga kibanda, tukaondoka pamoja. Fundi wa Arusha alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alifungua mashine, akatoa kile kifaa cha ndani kinachotunza kumbukumbu, akakitikisa karibu na sikio. Hata mimi nilikisikia: vigae, vigae tupu.

"Kulikuwa na nini?" akamuuliza.

"Sauti."

"Hukuwa na nakala sehemu nyingine? Flashi? Sidii?"

"Ndiyo nilikuwa napeleka kutoa nakala."

Yule kijana akavua miwani yake. "Pole sana, dada."

Tulikaa stendi kusubiri basi la kurudi. Nilimnunulia chai, hakuinywa. Nikamuuliza, "Sauti gani, Mwanaidi?"

"Ya baba." Alikuwa anatazama mikono yake. "Mwezi wake wa mwisho nilikuwa namwekea laptop kitandani, anazungumza. Habari za Kondoa, za mababu, jinsi alivyokutana na mama. Nilikuwa nakwenda kuwagawia ndugu zangu, kila mmoja na nakala yake. Siku moja akaniomba nitoke nje, nimwache na mashine peke yake. Nikamuuliza, unataka kusema nini nisichotakiwa kusikia? Akasema, 'Haya ni ya Fabiano. Ni mambo ya mafundi.' Akaongea muda mrefu, kaka. Nilikuwa nje naanika nguo, nikisikia anaongea, siyasikii maneno. Nilipoingia alikuwa amechoka, lakini uso wake umetulia. Sikuyasikiliza. Nilisema nitakuletea mwenyewe ukasikilize, baada ya arobaini."

Mabasi yaliingia na kutoka, wapiga debe wanaita. Nilitamani kunyamaza. Ningenyamaza, ningebaki kaka yake mpaka nife, tungelia pamoja, ningekuwa mfiwa mwenzake. Lakini niliona kwamba nikinyamaza mara ya pili sitakuwa mtu tena.

"Mwanaidi," nikasema, "lile begi nilijua."

Akanitazama, hakuelewa.

"Nilijua mkanda ni mbovu. Uliponiuliza kama litakufikisha, nilikuwa nimeshauona asubuhi ileile. Nilinyamaza kwa sababu ya wateja."

Nadhani alikuwa anarudi kule kibandani, anatutazama sisi wawili, anawatazama wale wanawake. Mwishowe akasema, taratibu sana, "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza wewe. Sikumuuliza mtu mwingine yeyote."

Akasimama, akachukua ile khanga na vipande vyake. Basi lilipokuja alikaa mbele, karibu na dereva. Mimi nilikaa nyuma. Njia nzima mpaka Mbulu niliona kitambaa cha kichwa chake tu.

Watoto, kuna watu huwaambia kwamba ukitubu unapata wepesi. Labda. Mimi nilifika nyumbani, nikamweleza mke wangu, akalia, na wepesi sikuuona. Kilichokuja ni kazi. Asubuhi nilishusha mabegi yote niliyokuwa nayo, nikafumua mikanda, nikaishona upya hadi chini, mraba na msalaba, moja baada ya jingine. Ilinichukua karibu mwezi. Sikuleta robota jingine. Niliomba kwa watoto wa Mzee Jumanne cherehani yake niinunue, wakashauriana, wakaniuzia. Nikarudi kushona turubai. Wateja wachache, maisha yakabana, lakini akija mtu na kuniuliza litadumu, nilimwambia ukweli hata kama kibanda kimejaa. Wengine walikasirika. Mmoja aliniambia, "Fundi gani unayetukana mali yako mwenyewe?"

Kisha nikamshonea Mwanaidi begi. Nilitumia turubai nzito kuliko zote, uzi wa nailoni niliopaka nta, kitako cha ngozi, mfuko wa ndani unaoning'inia. Sikuwa na vipimo vya mashine yake mpya, kama alikuwa nayo, kwa hiyo nilimpigia simu mwalimu mwenzake aniulizie bila kusema ni kwa nini. Nilifumua mara mbili. Mkanda niliuzungusha chini ya begi zima ukatokea upande wa pili, mkanda mmoja usio na mwisho, ili usiwe na mahali pa kung'oka. Nikalijaza mawe, nikalivaa mwenyewe, nikatembea nalo kwenda shambani na kurudi, wiki nzima.

Nililipeleka mwenyewe Hirbadaw. Ilikuwa karibu mwaka umepita. Nilifika shuleni saa ya mapumziko, akatoka ofisi ya walimu. Alikuwa amekonda kidogo.

"Shikamoo fundi," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Niliitikia. Ni heshima, hakuna aliyekosea kwa kuniita fundi, ndiyo kazi yangu. Lakini nililisikia neno lile likinigusa mahali ambapo hakuna aliyewahi kunigusa hata kwa fimbo.

Nikampa begi. Aliligeuza ndani nje. Akauvuta mkanda kwa mikono yote miwili, akapima kitako kwa vidole, akatazama mishono. Alikuwa binti wa fundi. Akasema, "Hili ni la baba."

"Ni la kwake."

Alifikiri kidogo. "Njoo ukae," akaniambia. Tukakaa kwenye benchi la walimu, nje, ukutani penye jua. Akaleta laptop yake mpya, akaifungua magotini. "Ndugu zangu hawana kitu cha baba. Mimi nilikuwa na vile vya nyumbani tu. Wewe ulikuwa naye kazini kila siku, miaka kumi na zaidi. Nisimulie. Kila unachokumbuka."

Akabonyeza, ikawaka taa ndogo. Nikasimulia. Nilisimulia alivyonusa nta. Nilisimulia mstari wangu wa kwanza uliokuwa kama mto, na bwana mifugo na dume la ng'ombe, na begi la mawe mnadani. Mara moja aliweka mkono mdomoni. Nilisimulia nilivyoondoka na alivyonipa mkono. Sikujificha.

Nilipomaliza, akasema, "Watoto wangu walikuwa wadogo mno, hawamkumbuki. Wananiuliza babu alikuwa anachekaje." Akaisogeza mashine karibu yangu. "Wewe ulikuwa unajua kumuigiza. Zamani ulikuwa unamuigiza, na yeye mwenyewe anacheka. Cheka kama yeye."

Nilikuwa najua, kweli. Kicheko chake kilianza chini, kama mtu anayesukuma mlango mzito, halafu kikafunguka. Nikavuta pumzi, nikajaribu. Kikatoka kikohozi. Nikajaribu tena. Kikatoka kicheko cha mzee mmoja wa Tumati, mwenye aibu. Nilikuwa nakijua kichwani, nakisikia kabisa, lakini kooni hakikuwepo. Nikajaribu mara ya tatu.

"Inatosha, fundi," akasema kwa upole.

Akazima. Kengele ya kipindi ililia. Akaitia mashine kwenye begi jipya, akafunga zipu hadi kwenye kona, akalitundika begani, akanishukuru kwa safari ndefu, akaniambia kuna maji ya kunywa ofisini kama nina kiu. Kisha akavuka uwanja kwenda darasani. Nilibaki pale benchini nikisikia watoto wakisimama na kumsalimia wote kwa pamoja, na yeye akiwajibu, na kuwaambia wafungue madaftari.